Kabla ya Kumpandisha Mzazi Gari, Tumtafutie Kinga ya Safari

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa walimwengu wote, aliyefungamanisha amri ya kumwabudu Yeye peke yake na amri ya kuwatendea wema wazazi wawili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema hadi siku ya malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, kila ufikapo msimu wa likizo, stendi za mabasi za Tarime na Mugumu hujaa wasafiri, na miongoni mwao siku hizi tunawaona wazee wengi kuliko ilivyokuwa zamani. Kuna babu anayepelekwa Dar es Salaam kuwaona wajukuu asiowahi kuwaona. Kuna bibi anayevushwa mpaka wa Sirari kwenda Nairobi na Mombasa kupunga upepo wa bahari. Kuna mzee ambaye wanawe wamechanga kumpeleka Umra, na kuna mama aliyealikwa Ulaya na mtoto wake anayefanya kazi huko. Hili ni jambo la kumshukuru Allah. Mtoto aliyelelewa kwa jasho la mzazi anapopata uwezo, kisha akakumbuka kumfurahisha mzazi huyo kabla ya siku zake kwisha, ameshika njia ya wema ulioamrishwa katika Suratul Israa (17:23-24).

Lakini lipo swali moja ambalo familia zetu nyingi haziliulizi. Tunauliza nauli ni kiasi gani, tunauliza basi linaondoka saa ngapi, tunauliza nani atampokea mzee. Hatuulizi: akiugua njiani, nani atalipa, na kwa fedha gani? Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Wageni wazee katika Serengeti

Sisi wakazi wa mkoa wa Mara tunao mfano ulio mbele ya macho yetu. Kila mwaka, hususan kati ya Julai na Oktoba, nyumbu wanapovuka mto Mara, ndege ndogo hutua Kogatende na Seronera zikiwa na wageni kutoka Ulaya na Marekani. Wengi wao ni wazee waliostaafu. Utamwona mtu wa miaka 75 au 80, anatembea kwa mkongojo, ana dawa za moyo ndani ya mkoba, naye anakwenda kulala katika hema katikati ya mbuga. Tusidhani kwamba mzee huyu ni jasiri kuliko wazee wetu. Ndani ya mkoba ule ule wa dawa mna karatasi ya bima ya safari. Akianguka leo, mwongozaji wake atapiga simu, na ndege ya wagonjwa itakuja kumchukua hadi Nairobi. Huduma ya madaktari wa ndege ya AMREF, yenye kituo chake uwanja wa Wilson jijini Nairobi, imekuwapo tangu mwaka 1957, na kambi nyingi za watalii huwakatia wageni wao kinga ya kusafirishwa na ndege kama hizo.

Zanzibar nako, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kila mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kuwa na bima ya safari inayotolewa kupitia Shirika la Bima la Zanzibar, kwa dola 44 za Marekani. Na nchi za Ulaya za eneo la Schengen hazimpi mtu viza ya matembezi mpaka aoneshe bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Basi dunia yote imekubali kwamba msafiri, na hasa msafiri mzee, asitoke nyumbani bila kinga. Mzee wetu wa Nyamongo au Robanda anatoka na nini? Anatoka na kikapu cha ndizi, chupa ya chai na dua za majirani. Dua ni silaha ya Muumini wala hatuidharau hata kidogo. Tunachouliza ni kama tumetimiza sehemu iliyo mikononi mwetu.

Mama ambaye hakuulizwa

Tuliwahi kuketi katika kikao cha kuwapatanisha ndugu watatu wa mjini Tarime. Kisa chao tunakieleza kwa manufaa ya wengine, bila kuwataja. Walimpeleka mama yao, aliyepindukia miaka 70, Mombasa kwa matembezi ya siku kumi. Siku ya tatu mama akapatwa na kiharusi. Hospitali walikomkimbiza ikadai malipo ya awali kabla ya kumlaza katika chumba cha wagonjwa mahututi. Ndugu hawakuwa na wasiwasi, kwa sababu mkubwa wao alikuwa amemkatia mama bima ya safari siku moja kabla ya kuondoka.

Kumbe katika fomu ya bima palikuwa na swali: je, msafiri ana ugonjwa wowote anaotibiwa? Yule ndugu alijaza kwamba hana, kwa kuwa aliambiwa akisema ana shinikizo la damu na kisukari, ada ingeongezeka. Waliposhughulikia madai, wakaomba kadi ya kliniki ya mama, na ndani yake mlikuwa na miaka tisa ya dawa za shinikizo la damu. Madai yakakataliwa. Familia ikauza ng'ombe kumi na mmoja. Mama, Alhamdulillahi, alirejea akiwa hai, lakini wanawe walirejea hawasemezani, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama na deni.

Katika kikao kile mama aliketishwa pembeni, mkono mmoja umelegea. Wanawe walipomaliza kulumbana juu ya fomu, yeye alisema neno moja tu: "Mngeniuliza, ningewaambia kuwa mimi ni mgonjwa." Hakuna aliyekuwa na jibu. Walimnunulia tiketi, walimshonea nguo mpya, walimjazia fomu. Wala hapana hata mmoja aliyemuuliza hali yake.

Kutegemea si kuzembea

Wako wanaosema kwamba kujiwekea bima ni udhaifu wa imani, kwa kuwa ajali na maradhi ni kadari ya Allah (S.W.). Kauli hii haikuanza leo. Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.), kama alivyoisimulia Imamu Bukhari, kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya kuchukua masurufu, wakidai kuwa wao ni wenye kumtegemea Allah, kisha wakifika Makka huanza kuwaomba watu. Hapo ndipo ilipoteremka aya ya Suratul Baqara (2:197), inayowaamrisha mahujaji kuchukua masurufu na kuwakumbusha kuwa masurufu bora ni ucha Mungu. Tazama, ndugu msomaji, aya haikuwasifu kwa utegemezi wao, bali iliwasahihisha. Na yule aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama amwache ngamia wake bila kamba na kutegemea, aliambiwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee, kama ilivyo katika Tirmidhi.

Sasa tuulizane: mtu anayempeleka mama yake mgonjwa katika nchi ya watu, bila kinga na bila akiba, kisha mama akiugua huanza kupitisha bakuli msikitini na kupiga simu kwa kila jamaa, anatofautiana nini na wale mahujaji wa Yemen?

Je, bima ni halali?

Swali hili ni la haki wala halifai kupuuzwa. Bima ya kibiashara, ambayo mtu hulipa ada maalumu na kampuni ikajichukulia faida yote pale ajali isipotokea, imekosolewa na wanazuoni wengi kwa kuwa ndani yake mna gharari, yaani mkataba juu ya jambo lisilojulikana, mna sura ya kamari, na fedha zake mara nyingi huwekezwa katika riba. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha Desemba 1985, iliamua kuwa bima ya kibiashara ya namna hiyo hairuhusiwi, na kwamba badala yake ya halali ni bima ya kusaidiana, ambayo washiriki huchanga kwa nia ya kutoa na kubebana. Hiyo ndiyo inayoitwa takaful. Kampuni ya kwanza ya namna hiyo ilianza Sudan mwaka 1979. Jirani zetu wa Kenya walipata kampuni yao mwaka 2011. Kwetu Tanzania, katika miaka hii ya karibuni, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) imetoa mwongozo wa takaful, na Shirika la Bima la Zanzibar limeanza kutoa huduma hiyo.

Kwa hiyo, msimamo tunaouona kuwa wa salama ni huu. Mwislamu aanze kuulizia takaful. Akikosa takaful inayomfaa mzee wake, na safari yenyewe haiwezekani bila bima kwa sheria ya nchi anayokwenda, kama ilivyo kwa viza ya Schengen, basi wanazuoni wengi wa zama hizi wamempa ruhusa, kwa kuwa amelazimishwa. Ama asipopata takaful wala asilazimishwe na sheria, basi kuna njia ya tatu, nayo ni mfuko wa familia, ambao tutauzungumzia mbele.

Ugumu wa kuwapatia wazee kinga

Tusiwadanganye wasomaji wetu. Kumtafutia mzee bima ya safari ni kazi kuliko kumtafutia kijana. Kampuni nyingi zina kikomo cha umri. Nyingine huishia miaka 65, nyingine 70, 75 au 80. Zinazopokea waliozidi hapo hupandisha ada au hupunguza kiwango cha fidia. Ndiyo maana kazi hii haifanywi jana ya safari. Ianze angalau mwezi mmoja kabla, kupitia kwa wakala au dalali wa bima mwenye leseni ya TIRA, mwenye kufanya kazi na kampuni zaidi ya moja. Asiyepata wakala wa kutosha Tarime au Mugumu anaweza kuulizia Musoma au Mwanza, na mabenki mengi siku hizi nayo ni mawakala wa bima. Anapofika kwa wakala, aulize yafuatayo:

Kwanza, umri wa mzee unahesabiwa siku ya kununua bima au siku ya kusafiri? Aliyebakiza wiki mbili kutimiza miaka 70 asije akakatwa njiani.

Pili, maradhi ambayo mzee tayari anayo yamo au hayamo? Mikataba mingi huyaondoa maradhi ya zamani, au huyakubali kwa nyongeza ya ada na barua ya daktari.

Tatu, nchi zipi zimo? Anayekwenda Umra kupitia Nairobi au Addis Ababa ahakikishe kuwa nchi anayopita nayo imo.

Nne, kumsafirisha mgonjwa hadi hospitali kubwa, na kuirejesha maiti nyumbani, vimo au havimo? Hivi ndivyo vinavyofilisi familia.

Tano, kampuni hulipa hospitali moja kwa moja, au familia hulipa kwanza kisha ikadai? Na ni kiasi gani ambacho familia lazima ijilipie yenyewe kabla kampuni haijaanza kulipa?

Sita, simu ya dharura ni ipi? Mikataba mingi hutaka kampuni ijulishwe mapema kabla ya matibabu makubwa. Namba hiyo iandikwe kwenye karatasi na iwekwe katika mkoba wa mzee, si katika simu ya mtoto peke yake.

Na juu ya yote hayo, tuseme kweli katika fomu. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa na juu kumekauka, alimkaripia muuzaji na kujitenga na mwenye kughushi, kama ilivyo katika Sahihi Muslim. Kuficha maradhi ya mzazi katika mkataba ni kuweka kikavu juu na majimaji chini. Ni dhambi, kisha ni hasara, kwa kuwa siku ya shida mkataba ule huvunjika mkononi. Na iwapo tumesema kweli, tukalipa, kisha kampuni ikakataa haki yetu, tusinyamaze. Ipo Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako mwananchi anaweza kupeleka malalamiko yake.

Safari za ndani na safari ya Umra

Kwa safari za ndani ya nchi, kinga ya kwanza ni kadi ya bima ya afya. Mzee mwenye kadi ya NHIF anaweza kutibiwa katika vituo vilivyosajiliwa nchini kote, basi asiiache kabatini Mugumu huku yeye anakwenda Bugando au Muhimbili. Achukue pia kitambulisho chake na kadi ya kliniki. Lakini ajue kuwa akivuka Sirari, kadi ile haiwezi kutegemewa kumlipia hospitali ya ng'ambo.

Ama kuhusu Umra, viza ya Saudia huja pamoja na bima ya afya, ambayo Wizara ya Hija na Umra ya huko imetangaza kuwa kiwango chake hufikia riyali 100,000. Hilo ni jema, lakini bima hiyo ni ya dharura na ni ya ndani ya Saudia. Haikuwekwa ili kumtibu mzee maradhi aliyotoka nayo nyumbani, wala haimfuati katika basi linalovuka Daraja la Kirumi kwenda Mwanza. Vile vile, tujihadhari na mawakala wanaowapeleka watu Hija kwa njia za mkato. Katika Hija ya mwaka 2024 joto la Makka lilizidi nyuzi 50, na serikali ya Saudia ilitangaza kuwa watu 1,301 walifariki, asilimia 83 kati yao wakiwa hawana kibali cha Hija; na miongoni mwa waliofariki walikuwamo wazee na wagonjwa. Asiye na kibali hana hema wala basi lenye ubaridi. Tusimnunulie mzazi safari ya bei nafuu ambayo bei yake ni maisha yake.

Mfuko wa familia

Sasa tuje kwa yule ambaye mzee wake ana miaka 85, kila kampuni imemkataa, na safari ni ya lazima. Hapa ndipo tunapopaswa kurejea katika desturi njema. Mtume (S.A.W.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari kwa kuwa chakula kilipowapungukia vitani au mjini, walikusanya walicho nacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa, akasema kuwa wao ni katika yeye, naye ni katika wao. Na Qur'an inatuamrisha kusaidiana katika wema na ucha Mungu (5:2). Wenyeji wa Tarime na Serengeti hawahitaji kufundishwa maana yake. Ukoo unaoweza kukusanya ng'ombe wa mahari kwa wiki moja unaweza pia kukusanya kinga ya bibi yao.

Ndugu wakubaliane, kila mmoja atoe kila mwezi kadiri ya uwezo wake, kwa nia ya kujitolea. Fedha ziwekwe mahali pasipo na riba, chini ya watu wawili waaminifu, na masharti yaandikwe: ni kwa ajili ya matibabu na usafirishaji wa wazee wa familia waugulapo safarini au nyumbani. Akisafiri mzee, sehemu ya fedha isafiri pamoja naye mkononi mwa anayemsindikiza. Akirejea salama, fedha zibaki kwa ajili ya mzee mwingine. Mfuko huu hauwezi kukodi ndege, lakini unaweza kulipa malipo ya awali hospitalini usiku wa manane, na pengine hapo ndipo uhai unapookolewa.

Neno la mwisho

Ndugu Waislamu, mwanamke wa kabila la Khath'am alimjia Mtume (S.A.W.) katika Hija ya kuaga, akamweleza kuwa faradhi ya Hija imemkuta baba yake akiwa mzee sana, hawezi kukaa sawasawa juu ya kipando, akauliza kama anaweza kumhijia. Mtume (S.A.W.) akamruhusu. Binti yule aliitazama hali ya baba yake ilivyo, akaja kuuliza. Hakumfunga kamba juu ya ngamia ili watu waone kwamba amempeleka baba Makka.

Nasi tufanye hivyo. Kabla ya kukata tiketi, tuketi na mzee, tumuulize: unajisikiaje, unatumia dawa gani, wewe mwenyewe unataka kwenda? Daktari amtazame. Kisha tumtafutie takaful, au bima pale ilipolazimu, au mfuko wa ndugu. Na ikidhihirika kuwa mwili wake hauwezi safari, basi wajukuu ndio wapande basi waje Tarime. Furaha ya bibi ni kuwaona, hata kama bahari haipo.

Tunamuomba Allah (S.W.) awape wazazi wetu afya na mwisho mwema, awarehemu waliotangulia, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaowatendea wema kwa mali, kwa ulimi na kwa akili. Amin.

Wabillahi Tawfiq.